Saa Inayovuliwa Mawinguni

Kach.

Hiyo ndiyo sauti niliyokuachia Jumamosi iliyopita, msomaji, ukaenda nayo kitandani. Sasa kaa vizuri, maana kilichojifunga ni bangili ya saa, na mkono uliofungwa si wa mwenye saa.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hawajalisoma, mambo yako hivi. Kinyozi wetu, mtu mzima mwenye heshima zake na kitambi chake, alikuwa na wateja wawili. Kwenye kiti cha kwanza alilala Rubani, kichwa nyuma, taulo jeupe la moto limemfunika uso wote, akikoroma. Kwenye kiti cha pili alikaa Refa, aliyenyolewa upande wa kulia tu, akisubiri upande wa kushoto ukumbukwe. Mbele yao, kwenye rafu, lilikuwa sinia la bati. Na juu ya sinia ilikuwa saa ya Rubani, pana kama kisosi, yenye mishale mingi kuliko nungu.

Kinyozi aliijaribu. Mara moja tu, alijiambia. Alitaka kuona mkono wake ungekuwaje kama ungekuwa wa mtu mwingine.

Kach.

Alivuta, haikutoka. Alivuta kwa meno, haikutoka. Akajipaka povu la kunyolea kuanzia kiwiko hadi kucha, akavuta tena. Saa ikateleza mpaka kwenye kifundo cha dole gumba, ikasimama hapo kama mgeni aliyeona mbwa mlangoni.

"Kata mkono," Refa akashauri. "Unao mwingine."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Neno la mwisho la methali hiyo tumelihifadhi kwa heshima ya gazeti.

Lakini ili uelewe kwa nini jasho lilimtoka Kinyozi mpaka likaingia kwenye povu, lazima ulifahamu lile sinia.

Sinia aliliweka marehemu baba yake. Mteja akikaa huweka humo miwani, pete, hata meno ya bandia, na akiinuka huvikuta vyote. Ukutani juu yake marehemu aliandika kwa rangi nyekundu: KILICHOLALA HAPA KITAAMKA HAPA. Na siku anakata roho alimshika mwanawe sikio, akamwambia kwamba siku mteja atakapoinuka akute sinia tupu, siku hiyo hiyo duka lifungwe na chumba apewe dada yake.

Dada mwenyewe alikuwepo. Alikuwepo daima, nyuma ya pazia. Marehemu aligawa urithi wake kwa haki: mtoto wa kiume akapata wembe, wa kike akapata chuku, yaani vile vikombe vya kuumikia watu migongo, vinavyofyonza ngozi mpaka ivimbe kama puto. Wenye migongo mibovu walipita mbele ya vioo vya Kinyozi kwenda kwa Dada chumba cha nyuma, chenye giza. Na Dada, kila alipowasindikiza, alikitazama chumba cha mbele, chenye dirisha, kama paka anavyotazama kabati la nyama.

"Mdogo wangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "mbona nasikia mtu anavuta kitu kwa meno?"

Kinyozi akajibu kwamba ni kitana kimeingia nywele.

Jambo moja tu lilikuwa likimwokoa. Rubani, kabla hajalala, alikuwa ametoa agizo kwamba mashine ya kunyolea isizimwe. Mtu aliyezoea injini, alieleza, hulala zikinguruma na huamka zikinyamaza, kwa sababu angani kinachoua si kelele, ni ukimya. Kwa hiyo mashine ilikuwa rafuni inanguruma peke yake, kama mzee aliyekosewa, na Rubani alikuwa akinguruma pamoja nayo.

Mpango ukapangwa haraka. Refa avuke barabara, amlete Fundi Saa, bangili ifunguliwe, saa irudi siniani, na dunia iendelee.

Refa akatoka na nusu kichwa chake. Wauza viatu wa upande mmoja wa barabara waliona mtu mwenye upara akipita, wa upande wa pili wakaona mtu mwenye nywele, na jioni ile nusura wapigane juu ya nani hasa alipita.

Fundi Saa aliingia na lenzi yake jichoni. Hakuna mtu aliyewahi kumwona bila lenzi hiyo, na inasemekana hata mkewe alimjua kwa jicho moja tu. Aliitazama saa. Hakusalimia mtu. Akaketi sakafuni katikati ya nywele za watu.

"Hii," akasema, "nilikuwa naisoma tu."

Kinyozi akamwambia aifungue. Fundi Saa akasema haifunguki. Kinyozi akamkumbusha kwamba yeye ni fundi, na Fundi Saa akasema ndiyo maana anajua kwamba haifunguki.

Hapo umeme ukakatika.

Mashine ikasema ngrr, ikasema tik, ikanyamaza. Chini ya taulo, koromo la Rubani likakatika katikati kama uzi. Mguu wake mmoja ukacheza. Mkono wake wa kulia ukainuka taratibu kutoka kwenye kiti, ukaanza safari ya kuelekea kwenye sinia.

"Ongea," Kinyozi akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ongea kwa sauti nzito na usinyamaze."

Msomaji, Fundi Saa hakuwahi kuombwa hivyo tangu azaliwe. Nyumbani kwake alikuwa amepigwa marufuku kuzungumzia saa wakati wa kula, kabla ya kula na baada ya kula. Akakohoa. Akasimama wima. Akaanza kutoka mwanzo.

Hapo zamani, alisema, warubani walipanda na saa za mfukoni, kama waungwana. Tatizo ni kwamba ndege za wakati ule zilitaka mikono yote miwili, na ikiwezekana miguu na meno. Rubani aliyeingiza mkono mfukoni kutazama saa, alipoutoa alikuwa tayari yuko kwenye shamba la mtu. Basi wakazifunga saa pajani kwa kamba. Kisha wakazihamishia mkononi, juu ya koti, ndiyo maana mikanda yake ikawa mirefu kama ya kufungia punda.

Refa akauliza punda wa ukubwa gani. Fundi Saa akaomba asikatizwe.

Mkono wa Rubani ulisita angani. Ukarudi kwenye kiti. Koromo likaanza upya.

Kule juu ni baridi, Fundi Saa akaendelea kwa sauti ya ngoma, na rubani amevaa glavu nene, kwa hiyo kile kifundo cha kutia saa ufunguo kikakuzwa mpaka kikawa kama kitunguu. Kule juu ni giza, kwa hiyo tarakimu zikapakwa rangi inayong'aa. Kule juu mafuta yanaisha na hakuna jirani wa kumwomba, kwa hiyo ukingoni ikawekwa pete ya kuzungusha, yenye namba ndogo kama chawa, ya kukokotoa yaliyobaki yatakufikisha wapi. Vikaja vitufe vya kupima muda. Ukaja mshale wa ziada, unaosoma saa za kule ulikotoka, ili usimpigie mkeo simu akiwa usingizini na kumtia wasiwasi.

"Na kila kilichoongezwa," alisema, "kiliongezwa kwa sababu kuna mtu alianguka kwa kutokuwa nacho."

Hapo hata Refa aliinamisha nusu kichwa.

Kisha, aliendelea, ndege zenyewe zikawekewa saa, na vipimo, na mitambo inayojua mambo kuliko rubani. Saa ya mkononi ikabaki haina kazi kabisa. Na hapo ndipo ilipoanza kuwa ghali.

Kinyozi akasema hajaelewa.

"Kinachohitajika hununuliwa na wahitaji," Fundi Saa akamwambia. "Kisichohitajika hununuliwa na wenye nacho. Nina mteja wangu, wakili, saa yake inaweza kuzama baharini mpaka chini kabisa walipo samaki vipofu. Yeye mwenyewe anaoga kwa kopo."

Kinyozi akautazama mkono wake. Tuseme ukweli kwa niaba yake, saa ilikuwa nzuri. Uso wake ulikuwa mweusi wa kina, ule weusi wa kisima. Chuma chake kilikuwa na uzito wa mtu mwenye uamuzi. Na ule mshale wa ziada, Rubani alikuwa ameutega nyuma kwa saa sita, kwa hiyo pale saa zote za ulimwengu zinaposema saba, ule ulisema moja, kama binadamu. Tangu utoto wake Kinyozi alikuwa akitazama saa na kutoa sita kichwani. Hii ndiyo saa ya kwanza iliyomsemesha bila kumpa hesabu.

Refa naye alikuwa amegundua vitufe. Alibonyeza kimoja, mshale mwembamba ukakimbia. Alibonyeza kingine, ukasimama. Mtu huyu maisha yake yote alitukanwa na viwanja vizima kwa ajili ya dakika za nyongeza, na sasa alikuwa ameshika kitu ambacho hakuna shabiki angeweza kubishana nacho. Macho yakamlegea. Kinyozi alipovuta mkono wake, Refa hakuuachia.

"Mkono wangu," Kinyozi akamkumbusha.

"Ngoja kipindi kiishe," Refa akasema.

Fundi Saa, bila kupunguza sauti, akafika kwenye toleo lenyewe. Watengenezaji walikuwa wamefanya uchunguzi, alisema, wakagundua kwamba saa za fahari huibwa ardhini tu. Katika historia yote hakuna mwizi aliyepora saa angani, kwa sababu hana pa kukimbilia. Basi wakabuni bangili isiyoamini ardhi. Ukiivaa huku chini inajifunga, na haifunguki mpaka kipimo cha hewa kilichomo ndani kiambiwe kwamba uko juu ya mawingu.

Sasa unaelewa, msomaji, kwa nini Rubani wiki iliyopita aliingia dukani na saa ikiwa mfukoni, imefungwa kwenye leso? Aliivua angani kabla ya kutua, kama anavyofanya kila siku. Ulidhani ni maringo. Na mimi nilikuacha udhani hivyo.

"Kwa hiyo ili niivue," Kinyozi akasema polepole.

"Upande juu."

"Juu wapi?"

Fundi Saa akaonyesha dari. Akafikiri kidogo, akainua kidole zaidi.

Sasa Kinyozi huyu hajawahi kupanda hata kigoda. Taa zikiungua nyumbani kwake, mkewe ndiye anayepanda meza, na yeye hushikilia meza akiwa amefumba macho. Lakini aliutazama mkono wa baba yake ukutani, ule ulioandika kwa rangi nyekundu, akaketi kwenye kiti cha Refa.

Kiti cha kinyozi, kama unavyojua, hupanda kwa kukanyagwa pedeli. Refa alikanyaga. Kiti kikapanda. Refa akakanyaga tena na tena mpaka Kinyozi akawa anatazamana na feni.

"Umesogea," Fundi Saa akanguruma, lenzi ikiwa imegusa kioo cha saa. "Mshale wa kimo umesogea. Unywele mmoja."

Kiti kikashusha pumzi ndefu, fuuuu, kikamrudisha Kinyozi chini. Kiti hicho hakijawahi kumweka mtu juu kwa muda mrefu, hata mbunge.

Hapo pazia likafunguka.

Dada aliingia akiwa amefunga kanga kiunoni kwa mtindo wa mtu anayekwenda kuhesabu makosa. Alimtazama mdogo wake. Alitazama povu, kisha saa, kisha sinia. Sinia lilikuwa tupu, na Dada alilitazama kwa muda mrefu, kwa upole mkubwa.

Kinyozi akaomba radhi. Akaomba kwa heshima ya marehemu baba, kwa heshima ya marehemu mama, na kwa heshima ya babu ambaye wote wawili hawakumpenda. Dada alimwacha amalize ukoo.

"Nimesikia yote," akasema. "Kumbe kinachotakiwa ni hewa ipungue?"

Fundi Saa akakiri kwamba ndivyo. Juu hewa ni nyepesi, saa ikikosa hewa inajiona iko juu.

"Mimi kazi yangu ni nini huko nyuma?" Dada akauliza. "Kucheza bao?"

Pakawa na kimya cha mshangao. Mguu wa Rubani ukacheza. Refa akaanza haraka kutoa mlio wa injini kwa midomo, prrrrr, na akaamriwa asiache mpaka aambiwe.

"Dada," Kinyozi akasema, "ukiniacha hivi hivi, kabla ya jioni chumba hiki ni chako."

"Najua. Na nitakichukua, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Lakini siwezi kukichukua kwa sababu ya bangili. Watu wataniuliza, nitawaambia nini? Nataka ufanye kosa la maana, la kiume, nikichukue kwa haki."

Hayo alisema. Lakini nina jicho, na niliona alipoinama kushika mkono wa nduguye. Chini ya uso wa saa kulikuwa na kidirisha, na kwenye kidirisha kulikuwa na mwezi mdogo wa dhahabu, umekatwa ubavu. Chuku hupigwa mwezi ukishaanza kupungua, na Dada, kila mawingu yalipofunga, alipiga kwa kubahatisha, na migongo ya watu ndiyo iliyolipa. Hapa mwezi ulikuwa mkononi mwa mtu, mchana kweupe, ndani ya nyumba. Uso wake ukalainika kama nta.

"Siku yenyewe ni leo," akasema taratibu.

Akaleta chuku kubwa kuliko zote, bilauri ya kioo yenye mpira mrefu wa kunyonyea, iliyotengenezwa maalumu kwa mgongo wa mpiga mieleka mmoja. Akaipaka ukingo mafuta ya mgando, akaifunika juu ya saa, akaikandamiza. Akaweka mpira mdomoni.

Mapafu ya Dada ni habari nyingine. Akivuta pumzi, pazia humfuata.

Alivuta. Ngozi ya Kinyozi ikainuka ndani ya bilauri, na saa ikainuka nayo. Fundi Saa akapiga magoti na kuanza kusoma kimo.

"Tumepita paa."

Prrrrr, alisema Refa.

"Tumepita mnara wa maji. Tumepita ndege. Nasema ndege wenye manyoya."

Kinyozi akahisi masikio yanaziba. Alikuwa amesimama kwenye saruji ya duka lake mwenyewe, na bado akaomba aletewe mfuko wa kutapikia. Refa, katikati ya injini, akamwonya asitazame chini. Kinyozi akatazama chini. Akaiona sakafu, karibu kabisa, na kizunguzungu kikampata vile vile.

"Mawingu," Fundi Saa akasema, na sauti yake ikatetemeka. Mtu huyu alisoma habari za saa maisha yake yote na hajawahi kupanda chochote zaidi ya ngazi za benki. "Tumeingia mawinguni. Jamani, ni kuzuri."

Dada, uso umeiva kama pilipili, akavuta mara ya mwisho.

Kach.

Sauti ile ile, lakini ya kufungua.

Dada akauachia mpira. Hewa yote ikarudi ndani ya bilauri kwa kishindo kimoja, puf, na saa ikamdondokea Kinyozi kiganjani kama embe lililoiva. Hakungoja. Akaifuta povu kwenye aproni, akaipuliza, akailaza kwenye sinia la baba yake pale pale ilipokuwa.

Wakatazamana. Chini ya taulo Rubani alikuwa akikoroma. Kinyozi akamkumbatia Fundi Saa, Fundi Saa akamkumbatia Refa, Refa akazikumbuka dakika zake za nyongeza na kutokwa na chozi. Dada akaukunja mpira wake polepole, nusu na fahari, nusu na huzuni ya dirisha.

Hapo ndipo saa ilipowaka taa nyekundu.

Taa ikazima. Ikawaka tena. Ikaanza kuwaka kwa mfululizo, harakaharaka, kama moyo wa mtoro aliyesikia nyayo za mwalimu wa zamu.

Fundi Saa akaitazama. Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana. Akavua lenzi.

"Fundi," Kinyozi akasema, "mbona umeivua?"

"Sitaki kuona."

Ikabidi wamtikise ndipo aeleze. Saa ilikuwa imepanda juu ya mawingu, alisema. Hilo ni jema. Kisha ikashuka kutoka juu ya mawingu hadi kwenye sakafu ya kinyozi kwa kufumba na kufumbua. Saa si mjinga. Ndege inayoshuka hivyo haijatua.

"Imejua ndege imeanguka," akasema. "Imeita waokoaji."

"Imewaita wapi?"

"Hapa."

King'ora kilisikika kabla Kinyozi hajapata pa kuketi. Rubani, aliposikia kelele hiyo tamu, akageuza shingo kidogo na kuzama kwenye usingizi mzito zaidi.

Mkuu wa Zimamoto aliingia na shoka. Nyuma yake walikuja vijana wake wakiburuta mpira wa maji, wakafunga breki mbele ya vioo. Mkuu huyu alikuwa ameingoja ndege tangu siku aliyoajiriwa. Mpaka siku hiyo alikuwa ameokoa masufuria, godoro moja na paka asiye na shukrani.

"Ndege iko wapi?"

Wote wakatazama dari. Mkuu naye akatazama. Dari haikuwa na tundu.

"Imeingilia mlangoni," akasema kwa uchungu. "Hizo ndizo mbaya."

Akamwona Refa. Akaona upande mmoja wa kichwa umebaki ngozi tupu. "Huyu ameungua," akasema, na kabla Refa hajafafanua, vijana walikuwa wamekizungushia kichwa chake bendeji mpaka mdomoni. Maelezo yake yaliendelea humo ndani kwa muda.

Mkuu akamgeukia Kinyozi, ambaye bado alikuwa na rangi ya majivu kwa safari ile, akamuuliza kwa upole walikuwa wangapi.

Kinyozi ni mkweli. Amelelewa hivyo. "Wanne," akasema. "Na Rubani."

Macho yote yakaenda kwenye kiti cha kwanza. Mtu amelala chali. Mikono imelegea. Kitambaa cheupe kimefunika uso. Kwa kelele ya king'ora, koromo halikusikika hata kidogo.

Mkuu wa Zimamoto akavua kofia.

Kinyozi akataka kueleza. Akaanza kusema kwamba lile ni taulo tu, la moto. Mkuu akamshika bega na kumwambia kwamba anaelewa, mshtuko huwafanya watu waseme maneno, asijilazimishe. Akapiga kelele mlangoni kwamba king'ora kizimwe. Akatangaza dakika moja ya ukimya kwa heshima ya marehemu.

King'ora kikazimwa. Barabara nzima ikanyamaza. Vijana wa zimamoto wakainamisha vichwa.

Mkuu akaiona saa kwenye sinia. Akaichukua kwa vidole viwili, kwa adabu, kitu cha kumpelekea mjane. Akaitazama. Akaigeuza. Akaona mwezi wa dhahabu kwenye kidirisha chake, akaona ile pete ya namba, akaona mshale unaosema saa za binadamu. Akautazama mkono wake wa kushoto, mnene, mtupu, mkono wa mtu aliyeokoa paka.

Kinyozi akafungua mdomo. Fundi Saa akafungua mdomo. Dada, ambaye hajawahi kufungua mdomo bila kitu kutoka, akafungua. Mkuu akawainulia kidole kikali. Ukimya haukuwa umekwisha.

Kisha, macho yakiwa yameinama kwa majonzi, akaipitisha saa mkononi. Mara moja tu. Aone tu.

Kach.

Katika ukimya ule, mguu wa Rubani ukacheza.

Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye kiti. Safari hii haukusita. Ulikwenda taratibu, kwa uhakika wa mtu anayejua alipoweka kitu chake, ukielekea kwenye sinia tupu la bati. Dada akageuka, akaanza kulitoa pazia kwenye misumari yake, mmoja baada ya mwingine.

Kinyozi akatazama maandishi mekundu. Akatazama vidole vinavyoshuka. Akamnyakua Mkuu wa Zimamoto mkono wake wa kushoto na kuulaza wote juu ya sinia, kiganja chini, saa juu.

Mkuu alikuwa mtu wa nidhamu. Dakika haikuwa imekwisha. Hakusema neno.

Vidole vya Rubani vikatua. Vikagusa kioo. Vikakipapasa, vikatulia.

"Ahsante, kinyozi," sauti ya usingizi ikatoka chini ya taulo. "Nimeambiwa hapa hakipotei kitu."

Dada akaacha pazia. Kinyozi akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumamosi iliyopita.

Vidole vikaendelea mbele kidogo. Vikasimama. Vikashika kitu kimoja, vikakiminya, vikahamia kingine.

"Kinyozi," Rubani akasema, taratibu sana. "Tangu lini saa yangu ina kucha?"